Maji ya Tana Yakifika Mlangoni: Jinsi ya Kupima Hatari ya Mafuriko na Kuchagua Bima Inayolipa

Anayeishi kando ya Mto Tana, kuanzia Madogo, Bura na Hola hadi Garsen na kwenye delta, anajua kwamba mto utafurika. Ulifurika 1961, ukafurika tena kati ya 1997 na 1998, kisha 2018, Novemba 2023, na Aprili na Mei 2024. Kinachobaki ni kujua maji yatapanda sentimita ngapi ndani ya nyumba yako, na kilichoharibika kitalipwa na nani. Maswali haya yanakwenda pamoja, na la kwanza ndilo la kuanza nalo. Mtu anayenunua bima bila kujua maji yatamfikia wapi hununua isiyomfaa, na huligundua hilo siku ambayo nyumba iko ndani ya maji.

Maji yanatoka wapi

Sehemu kubwa ya Kaunti ya Tana River ni kavu. Maji yanayoifurikisha yamenyesha kwingine, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Ndiyo maana mto unaweza kuvunja kingo Garsen chini ya jua kali, bila wingu hata moja. Ukingoja kuona mvua ya kwenu ndipo uhamishe vitu, utakuwa umechelewa.

Njiani maji hupitia mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo kubwa kuliko yote na ndilo la kwanza kupokea maji. Maji yake yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari limejaa, na kinachoingia zaidi humwagika kuelekea chini. Kwa hiyo tangazo la KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa haya, likisema Masinga imebakiza nusu mita kujaa, huku milimani mvua bado inanyesha, lichukue kama onyo kwako wewe wa Hola. Maji hayafiki siku hiyo hiyo. Huchukua siku kadhaa kufika Garissa, na siku nyingine zaidi kufika Garsen, maana mto unapinda sana na hutandaa kwenye mbuga kila unapopata nafasi. Siku hizo ndizo za kuhamisha vitu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Chini ya Kiambere mto hupokea matawi mengine kutoka mashariki ya Mlima Kenya, kama Mutonga na Kathita, na hakuna bwawa kubwa la kuyazuia kuanzia hapo hadi baharini. Mafuriko yanaweza kuja hata kama mabwawa yana nafasi. Usitegemee taarifa ya Masinga peke yake. Fuatilia pia utabiri wa mvua wa Idara ya Hali ya Hewa kwa Meru, Tharaka na Embu.

Halafu kuna laga. Laga ni mkondo mkavu, mchanga mtupu miezi kumi, kisha mvua kubwa ikinyesha nyuma huko, hujaa ghafla. Hapa huna siku kadhaa, una saa chache, na usiku huenda usizipate hata hizo. Nyumba iliyo mbali na mto lakini karibu na laga iko kwenye hatari ya aina nyingine. Maji ya mto hupanda polepole na kukaa wiki kadhaa, ya laga hupita kwa nguvu na kubomoa. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 husomba magari mengi. Dereva anayevuka laga kwa sababu lori lililomtangulia limepita anajiua.

Maana ya "mafuriko ya miaka mia"

Wahandisi wakisema mafuriko ya miaka mia, hawamaanishi kwamba yakija mwaka huu mtapumzika miaka 99. Wanamaanisha kwamba kila mwaka kuna nafasi moja katika mia ya kupata maji ya kiwango hicho au zaidi. Katika miaka 30, nafasi hiyo hufika karibu asilimia 26. Mafuriko ya miaka kumi, ambayo yana nafasi moja katika kumi kila mwaka, ndani ya miaka hiyo 30 hufika karibu asilimia 96. Yaani yahesabu kuwa yatakuja.

Kampuni ya bima hufikiri hivyo hivyo. Nyumba inayoingia maji kila baada ya miaka miwili au mitatu ni hasara inayojulikana tarehe, na hakuna kampuni itakayoichukua kwa bei ya kulipika. Kama yako ni hiyo, fedha ya bima itumie kuinua msingi au kuhamia juu zaidi. Bima ina maana kwa nyumba ambayo maji huifikia mara chache lakini yakifika yanaharibu vibaya.

Kupima kwa mpira wa pima maji

Huhitaji mhandisi kwa kazi hii. Unahitaji mpira wa plastiki unaoona ndani, wa urefu wa mita 15 hadi 20 na upana wa kidole kidogo, pamoja na futi ya fundi, chaki, vigingi na mtu wa pili.

Anza kwa kutafuta alama ya maji ya zamani. Kwenye ukuta wa shule, zahanati au msikiti mara nyingi kuna mstari wa matope uliokauka, chini rangi ya udongo, juu rangi ya kawaida. Kwenye miti utaona takataka zilizonasa matawini. Waulize wazee, lakini waombe wakuonyeshe kwa mkono kwenye kitu kisichohama: "maji ya El Nino yalifika hapa". Alama ya 1997 na ile ya 2024 zitie chaki za rangi tofauti. Chukua alama iliyo karibu nawe, ndani ya mita mia mbili hivi, maana uso wa mto wenyewe una mteremko na alama ya kijiji cha mbali itakudanganya.

Jaza mpira maji taratibu hadi mapovu yote yatoke. Povu moja tu likibaki katikati, kipimo chote ni uongo. Shika ncha zote mbili pamoja na uhakikishe maji yako sawa kabisa. Kisha mwenzako abaki kwenye alama ya chaki na ncha moja, wewe nenda nyumbani na ncha ya pili. Ncha zote ziwe wazi, msizibe kwa kidole wakati wa kusoma. Mwenzako apandishe au ashushe ncha yake hadi maji yaguse alama, na maji yakitulia, kiwango kwenye ncha yako ndicho kiwango cha mafuriko yale kwenye ukuta wako. Ikiwa ni mbali kuliko mpira, pigeni kigingi katikati, mhamishie kipimo hapo, mwendelee.

Sasa pima kutoka sakafuni hadi alama. Tuseme umepata sentimita 70. Maana yake maji kama ya mwaka ule yatafunika soketi za umeme zilizo chini, godoro, friji na magunia yaliyo sakafuni, lakini hayatafika kwenye rafu ya mita moja na nusu. Kama ukuta ni wa udongo, sentimita 20 zinatosha, kwa kuwa udongo hulowa kutoka chini na ukuta huketi wenyewe, wakati mwingine siku mbili baada ya maji kuondoka. Andika kipimo na tarehe, piga picha futi ikiwa ukutani. Utaihitaji kwa wakala.

Kama alama iko chini ya sakafu yako kwa sentimita 30 au pungufu, usijihesabu uko salama. Tope hujaza mikondo ya zamani, barabara mpya huziba njia za maji, na mto wenyewe huhama. Mwaka 1989 Tana ilibadili mkondo wake na kuuacha mradi wa umwagiliaji wa Hola bila maji.

Bima ipi inalipa nini

Hapa ndipo watu wanaumia zaidi. Tuanze na mifugo, kwa kuwa wafugaji wengi wa Tana River wamewahi kuandikishwa kwenye bima ya mifugo ya serikali iliyoanza 2015 Turkana na Wajir kisha ikapanuliwa kufika kaunti hii, au kwenye mradi uliofuata wa DRIVE. Bima hizo husoma hali ya malisho kwa satelaiti. Malisho yakikauka kupita kiwango fulani, mfugaji hulipwa, awe amepoteza ng'ombe au la. Ni bima nzuri, lakini ni ya ukame. Ng'ombe wako 20 wakisombwa na mto huku nyasi zimestawi, satelaiti inaona kijani na hulipwi shilingi. Bima inayolipa mnyama aliyekufa maji ni ile ya kifo cha mnyama mmoja mmoja. Inataka daktari wa mifugo amkague, avalishwe hereni yenye namba, na thamani yake iandikwe. Gharama yake inamfaa mwenye ng'ombe wachache wa maziwa au dume la mbegu, si mwenye kundi la kuhamahama.

Kwa mazao, uliza kama bima ni ya shamba lako au ya eneo. Bima ya eneo huchukua wastani wa mavuno ya wadi au sehemu nzima: wastani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wote hulipwa. Mafuriko yanahesabiwa, lakini kupitia wastani huo tu. Shamba lako la mpunga likizama na majirani wa mwinuko wakavuna vizuri, wastani hauanguki, nawe hupati kitu. Kabla ya kulipa, uliza eneo lenyewe linaanzia wapi na kuishia wapi. Likiwa limechanganya mashamba ya kingo na ya nchi kavu, na lako liko ukingoni, bima hiyo haikufai. Bima ya shamba moja inayotaja mafuriko ni ghali zaidi na mara nyingi hutolewa kwa mashamba makubwa au kwa kikundi. Chama cha wakulima kinaweza kuomba kwa pamoja.

Gari na pikipiki: bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi wanayo kwa sababu ya sheria, hailipi chombo chako kikisombwa. Ni bima kubwa (comprehensive) tu inayoweza kulipa, na hata hiyo soma kama mafuriko yametajwa.

Nyumba na duka hukatiwa bima ya moto na majanga mengine, au kifurushi cha bima ya nyumba. Hati hizi karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa macho yako neno "flood" kwenye orodha ya majanga yanayolipwa, usitosheke na kauli ya wakala. Mabomba kupasuka au tangi kufurika si mafuriko, na upepo kuezua bati si mafuriko. Kisha tafuta yasiyolipwa. Kwa kawaida utakuta ardhi yenyewe, ukingo uliomong'onyoka, ua na geti, unyevu wa polepole, na nyumba iliyokaa bila mtu zaidi ya siku 30. Nyumba ya udongo na makuti mara nyingi hukataliwa kabisa. Usifiche aina ya ukuta wala paa ili upate bei nzuri: ukificha, hati inaweza kufutwa siku ya madai. Vivyo hivyo na mafuriko ya nyuma. Kama nyumba iliingia maji 2023, sema, na iandikwe.

Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya mto ina tatizo lake. Kanuni za maji za Kenya zinatenga kati ya mita 6 na 30 kila upande. Ndani ya hapo, tegemea kukataliwa.

Wengi hawana hati miliki ya ardhi. Hilo peke yake halikuzuii, kwa kuwa unakatia bima nyumba na vitu, si ardhi. Ila uthibitishe kuwa ni vyako: risiti za saruji na mabati, mkataba na fundi, barua ya chifu. Uliza kampuni mapema, kwa maandishi, itakubali ushahidi gani.

Kwa anayetaka kuepuka riba, takaful ipo Kenya. Wanachama huchangia hazina moja, anayepata hasara hulipwa kutoka humo, na ziada inaweza kugawiwa. Masharti yake ya mafuriko yasome kwa makini yale yale.

Hesabu kabla ya kulipa

Kosa ghali kuliko yote ni kuikatia nyumba bima ya thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme kuijenga upya ni KSh 2,000,000 na wewe umeandika KSh 1,200,000, yaani asilimia 60. Maji yameiharibu nyumba hiyo kwa hasara ya KSh 500,000. Kampuni hutumia kanuni ya uwiano na kuhesabu asilimia 60 ya hasara, yaani KSh 300,000. Kisha kuna kiasi ambacho unabeba mwenyewe kwenye kila dai. Tukichukua mfano wa asilimia 10, inatoka KSh 30,000, na mkononi unapata KSh 270,000. Umelipia KSh 1,200,000 na hasara yako ilikuwa chini ya nusu ya hiyo, lakini bado umepungukiwa KSh 230,000. Andika gharama ya kujenga upya kwa bei za leo za saruji, mabati na usafiri hadi kwenu, si bei uliyojengea wala bei ya kuuza.

Juu ya ada kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya mfuko wa kuwafidia wenye bima ya asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa KSh 40. Kwa ada ya KSh 8,000 hiyo ni 16, 20 na 40, jumla KSh 8,076. Wakala akikudai mamia ya ziada kwa jina la "kodi", mwombe akuandikie mchanganuo. Lipa moja kwa moja kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni. Sheria ya bima ya Kenya haimruhusu mwenye kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa, kwa hiyo ahadi ya "lipa mwisho wa mwezi, bima imeanza" haina nguvu. Jina la kampuni na la wakala yahakiki kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

Maji yakija, na baada yake

Karibu kila hati inakutaka uchukue tahadhari ya busara. Onyo likishatangazwa na ukaiacha pampu ya umwagiliaji ukingoni, kampuni ina sababu ya kukataa. Pampu ya petroli ya inchi tatu hubebwa na watu wawili. Ifunge kwenye fremu yenye mishikio tangu mwanzo, na bolti za bomba zipakwe grisi ili zifunguke kwa dakika chache. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajagusa soketi, si baada. Kabla ya msimu, tembea nyumba nzima ukichukua video ya kila chumba na namba za friji, televisheni na injini, kisha itume kwa ndugu aliye Mombasa au Nairobi. Simu inaweza kuzama, video yake itabaki.

Maji yakishuka, piga simu kwa kampuni siku hiyo hiyo na ufuatishe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu wenye tarehe. Hati nyingi zina muda maalum wa kutoa taarifa, wakati mwingine siku chache tu. Piga picha mstari wa matope ukutani ukiwa bado mbichi, futi ikiwa pembeni. Ukishausafisha, ushahidi wa kina umekwenda. Usitupe kilichoharibika kabla mkadiriaji hasara hajakiona. Kama mchele umeoza na unahatarisha afya, hesabu magunia mbele ya mashahidi wawili, piga picha, bakiza sampuli, ndipo uzike. Kwa mnyama, kata sikio lenye hereni na umwite daktari wa mifugo athibitishe.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa barua inayotaja kifungu cha hati. Jibu la mdomo halitoshi. Barua hiyo na nakala za kila kitu ndizo utakazopeleka IRA, inayopokea malalamiko bila malipo. Dai lililokubaliwa nalo halina ruhusa ya kuzungushwa bila mwisho, kwa kuwa sheria imeweka siku 90 za kulipa.

Tarehe ya kuanza bima ichague mwenyewe. Ukianza Aprili, kila mwaka utakuwa ukitafuta fedha ya kuhuisha katikati ya masika, na siku moja ya kuchelewa inakuacha wazi Masinga ikiwa imejaa. Kampuni nyingi pia hufunga milango au kuweka muda wa kungoja mara onyo likitangazwa. Anza Agosti au mapema Septemba: mavuno yameingia, vuli haijaanza, na hati moja inavuka vuli na masika, misimu yote miwili.